Kurunzi ya Babu na Kurunzi ya Askari: Ipi Itufae Usiku wa Garissa?



Juma hili tumeletewa swali ambalo kwa sura ni dogo, lakini ukilichungua utaona limebeba mambo. Mama mmoja, mzaliwa wa Malindi aliyeolewa Garissa, anatueleza kwamba nyumbani kwake mna kurunzi ya bati ya betri tatu, iliyokuwa ya marehemu baba mkwe wake, na bado inawaka. Kijana wake wa miaka 17, ambaye wakati wa likizo huenda kwa ami zake kuchunga mbuzi, ameishikilia rai yake kwamba ile ni ya makumbusho, na kwamba anunuliwe zile mpya zinazouzwa kwa jina la "tochi ya askari". Baba anasema ya zamani yatosha. Mama anauliza: nani ana haki?

Kwa msomaji wa Mombasa, ambaye taa ya barabarani humfikisha hadi kizingiti cha mlango, huenda swali hili likamchekesha. Asicheke upesi. Jua la Garissa huchwa kabla ya saa moja mwaka mzima, na mji ukishauacha nyuma, iwe umeshika njia ya Dadaab, ya Ijara au ya kupanda Wajir, huna taa nyingine ila uliyo nayo mkononi. Huko nyoka na nge hutoka wakati ardhi imeanza kupoa, ndio wakati ule ule binadamu naye anapotoka kwenda chooni, kisimani au msikitini. Fisi hulizunguka zizi la miiba. Walio na mashamba ya ndizi na maembe kandokando ya Mto Tana hukesha wakifukuza viboko. Na katika mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili 2024, barabara ilipokatika pale Mororo, ng'ambo ya daraja, familia zilihama na watoto na magodoro gizani. Hapo mwenye kurunzi yenye uhai ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara.

Tuanze na ya babu. Tuliokwisha kuvuka hamsini tumekua nayo: bomba la bati lenye rangi ya fedha na michirizi ya kushikia, kichwa kipana kama kikombe, swichi ya kusukuma ubavuni. Sisi watu wa pwani tukiiita kurunzi. Huku wengi husema tochi, na jirani zetu Wasomali husema toosh. Ndani yake betri kubwa hupangwa mstari mmoja, kila moja ina volti 1.5, kwa hiyo tatu hutoa volti 4.5. Umeme huo hupita katika uzi mwembamba wa tungsteni ulio ndani ya balbu, uzi ukashika moto mpaka ukang'aa. Ni njia ya ubadhirifu, kwani katika kila sehemu 100 za umeme, takriban 95 huishia kuwa joto. Betri zake kwa miaka mingi zilitengenezwa hapa hapa Kenya, katika kiwanda cha Eveready kilichofunguliwa Nakuru mwaka 1967 na kufungwa 2014. Wazee wataikumbuka picha ya paka. Sasa zinazojaa madukani nyingi zatoka China.

Watu wa zamani waliijua kurunzi hii kama wanavyomjua mnyama wao. Ukifungua kifuniko cha nyuma, chini ya springi, aghalabu utakuta balbu ya akiba imefichwa. Betri zikianza kuchoka mwanga hugeuka njano, kisha wa rangi ya chungwa, kisha mwekundu kama kaa la moto, na yote hayo huchukua muda wa kutosha mtu kurudi nyumbani. Na zikichoka kabisa huanikwa juani, zikapata nguvu ya dakika chache zaidi. Vijana hudhani huo ni ushirikina wa mabibi. Sivyo. Umeme wa betri hutokana na dawa zilizomo kutendana na zinki, na joto huharakisha utendaji huo. Kwa hiyo masalia yaliyokuwa yamelala huamka kwa muda. Tena chuma kile kina uzito. Mlinzi wa usiku mwenye kurunzi ya betri tatu alikuwa na taa na rungu katika mkono mmoja.

Aibu yake ni kuvuja. Ukiisahau kabatini miezi minne, ganda la zinki hutoboka, ukakuta ndani kumeota ukungu mweupe unaokula bati, na betri zimekwama hata kwa nyundo hazitoki. Na mwanga wake, tuseme kweli, ni haba. Kwa kipimo kinachoitwa lumeni, ambacho huhesabu jumla ya mwanga unaotoka katika taa, kurunzi nyingi za balbu ya uzi zilikuwa na makumi machache tu.

Sasa hii ya askari. Jina lake si la bure kabisa. Kurunzi ndogo zenye nguvu zilikuzwa kwanza kwa ajili ya polisi na wanajeshi: bomba la aluminiamu lisilopenya maji, swichi mkiani ili kidole gumba kiiwashe mkono ukiwa umeinuliwa, mdomo wenye meno ya kuvunjia kioo, na mwako wa kumetameta kwa haraka unaomtia kiwi mtu anayekukabili. Zile za mwanzo zilizosifika Marekani zilikuwa na lumeni zipatazo 60, na askari walizihesabu kuwa kali mno. Kilichobadilisha mambo ni taa ya LED, chembe ya madini isiyo na uzi wala kioo cha kupasuka, ambayo umeme ukiipitia hutoa nuru bila kuungua. LED nyekundu ilijulikana tangu 1962. Iliyokosekana ni ya buluu, na wataalamu watatu wa Kijapani, Akasaki, Amano na Nakamura, waliohangaika nayo hadi miaka ya mwanzo ya 1990, walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Ukiipaka ile ya buluu unga wa njano, mwanga unaotoka huonekana mweupe. Ndiyo hiyo iliyomo katika kurunzi ya kijana wetu, na ndiyo iliyomo katika simu yako.

Chakula chake nacho ni kingine: betri moja ya lithiamu, yenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, volti 3.7, yenye uzito usiofika nusu ya betri moja kubwa ya zamani. Hii huchajiwa mamia ya mara.

Nimezijaribu zote mbili. Tulitoka na mwanafunzi wangu mmoja usiku usio na mwezi, nje kidogo ya mji, tukaiwekea ya babu betri mpya na ya askari tukaichaji mpaka ikajaa. Ya babu ilituonyesha mti wa mgunga kwa hatua kama 60, na zaidi ya hapo ni kivuli. Ya askari ilipowashwa kwa nguvu zake zote, uwanja ukawa mchana. Macho ya mbuzi wa jirani yaling'aa ndani ya zizi kwa zaidi ya hatua 200. Kijana akasema, "Maalim, si nilikwambia?" Nikamwambia tuisubiri. Hazikupita dakika tano mwili wake ukawa wa moto hata akawa anaihamisha mkono kwa mkono, na mwanga ukapungua wenyewe. Hilo si ugonjwa. LED nayo hutoa joto, na bomba dogo halina pa kulipeleka, hivyo iliyotengenezwa vizuri hujipunguza isijiunguze. Ule ukali wanaoutangaza ni mbio za mita 100; safari nzima huenda kwa mwendo wa kawaida.

Lakini linalonikera zaidi ni maandishi ya kwenye boksi. Boksi la kurunzi niliyoletewa dukani lilidai lumeni 100,000 na mmuliko wa mita 3,000. Tufanye hesabu, maana hesabu ni sehemu ya elimu yetu. Watengenezaji waaminifu wana kanuni ya kupima umbali: ni pale ambapo mwanga unapodhoofika ukawa sawa na wa mwezi mpevu katika uwanja ulio wazi. Nuru nayo hupungua kwa mraba wa umbali, yaani ukitaka kuona mara mbili zaidi wahitaji ukali mara nne. Kwa kanuni hiyo, kumulika mita 3,000 kwahitaji kandela milioni 2 na robo. Taa zote kali za mbele za gari, zikiwashwa kwa pamoja, haziruhusiwi kuzidi kandela 430,000 katika kanuni za Umoja wa Mataifa. Je, kitu kinachoingia mfukoni mwa kanzu kitalishinda lori mara tano? Kadhalika na betri. Utakuta imeandikwa miliampea-saa 9,900, ilhali ya ukubwa ule, hata ikiwa bora kabisa, haifiki 4,000. Mara nyingine ni betri iliyofunguliwa kutoka kompyuta kuukuu ikavishwa karatasi mpya.

Mwenye kuuza kilo kwa mizani iliyopunjwa sote twamjua hukumu yake. Lumeni ni mizani vilevile, tofauti ni kwamba mnunuzi hana njia ya kuipima pale dukani. Nasema haya si kwa kumlaumu mwenye duka wa Garissa, ambaye naye ameletewa maboksi yakiwa yamefungwa. Watafiti wa mradi wa Lumina kutoka Marekani waliwafuatilia Wakenya waliokuwa wakitumia kurunzi za LED za bei nafuu, wakachapisha matokeo mwaka 2010: sehemu kubwa ya watumiaji walipata hitilafu katika muda wa miezi michache tu. Hofu ya watafiti wale ilikuwa kwamba mtu maskini akishachomwa na kifaa kibovu atalikataa na lile zuri litakapokuja. Nadhani baba wa kijana wetu ni mmoja wa hao.

Sasa lile jambo la jua. Betri ya babu hufufuliwa kwa jua. Betri ya lithiamu huuawa nalo. Garissa joto hufika nyuzi 37 na zaidi, na ndani ya gari lililofungwa au juu ya bati huwa zaidi sana. Lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa na joto la kupita nyuzi 45. Huzeeka haraka, na ile ya bandia isiyo na kinga yaweza kuvimba, kutoa moshi na kushika moto usioitikia kwa urahisi ndoo ya maji. Nimeona kwa macho yangu mama akianika betri hizi ukutani pamoja na zile kubwa, kama alivyofundishwa na mama yake. Elimu ya mama yake ilikuwa sahihi kwa betri ya wakati ule. Enyi wenye watoto, betri ya lithiamu isianikwe, isichomwe takatakani, isichajiwe juu ya godoro watu wakiwa wamelala. Tumefundishwa tangu madrasa kuzima taa kabla ya kulala kwa kuchelea moto, na sioni kwa nini chaja ya bei rahisi isihesabiwe pamoja na taa.

Na hiyo chaji itatoka wapi? Nje kidogo ya mji wa Garissa kuna mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa megawati 50 na ushei, uliozinduliwa Desemba 2019, umetandazwa katika hekta 85. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Vijiji vingi vya kaunti hiyo hiyo havijafikiwa na nyaya, na miji ya Wajir na Mandera imeendeshwa miaka mingi kwa jenereta za dizeli na paneli za kusaidia. Mchungaji aliye siku tatu mbali na duka la kuchajia akiishiwa, kurunzi yake ya askari ni kipande cha aluminiamu. Mwenzake mwenye ya babu atanunua betri kwenye kibanda chochote kinachouza sukari na majani ya chai. Tena ile mpya, ikiwa imeundwa vizuri, hushikilia mwanga ule ule mpaka mwisho kisha hukatika ghafla. Haikuagi. Anayekwenda nayo mwituni na awe na ya pili, au paneli ndogo ya jua ya kubebea mgongoni mwa punda, na azoee kutumia mwanga wa chini, ambao humtosha mtu kuona miguu yake kwa saa nyingi.

Mwanga wa chini una faida nyingine. Jicho huchukua karibu nusu saa kulizoea giza barabara, na mmuliko mmoja mkali huiharibu kazi hiyo yote. Wazee wa Kisomali wanaotembea kwa nyota hawaiwashi kurunzi ila wanapotaka kuona kitu mahsusi, kisha huizima.

Kuhusu kumetameta, kijana ana hoja yenye nguvu kuliko anavyojua mwenyewe. Mtoto wa Kimaasai, Richard Turere, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, aligundua kwamba simba humwogopa mtu anayetembea na kurunzi, bali taa iliyosimama huizoea. Akaunganisha balbu za kurunzi mbovu na betri ya gari, zikawa zinawaka kwa zamu kuzunguka zizi usiku kucha, na simba hawakuja tena. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alieleza hayo mbele ya hadhara huko Marekani. Kwa zizi la mbuzi lenye fisi jirani, somo lake ni hili: taa ihame, iwake na kuzima. Wala haihitaji lumeni elfu.

Faida ya tatu ambayo wengi hawaijui: baadhi ya kurunzi mpya zina taa ya zambarau, ile wanayotumia wauza maduka kukagulia noti. Mmulike nge kwa taa hiyo gizani, mwili wake utang'aa kijani kama kioo. Mama mwenye watoto wanaolala chini angalau akague mkeka na viatu. Kwa moma na nyoka wengine haisaidii; hao wanataka mwanga wa kawaida mbele ya mguu.

Limebaki jambo ambalo baba wa kijana amelikusudia, nadhani, ingawa hakulitamka. Watu wa Kaskazini Mashariki waliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki, amri ya kutotoka nje usiku iliwekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Ndugu zetu wa Lamu waliionja amri kama hiyo mwaka mmoja kabla, wavuvi wa usiku wakalala njaa. Katika ardhi yenye historia hiyo, mwanga si mwanga tu. Kijana aliyevaa mavazi ya rangi ya majani, mkononi ana bomba jeusi lenye meno, akimmulika usoni askari wa doria kwa mwako wa kumetameta, ameuliza swali asiloweza kulisubiri jibu lake. Vivyo hivyo kummulika dereva wa lori katika barabara ya Garsen: kumpofusha kwa sekunde tatu tu akiwa katika mwendo ni kuhatarisha roho. Mwanao akinunuliwa, na afundishwe kabla ya kuiwasha: mmuliko uelekee chini, miguuni pake mwenyewe, akisimamishwa, aizime au aiweke chini ikiwa inawaka, mikono ionekane, na aitikie salamu. Ile ya rangi ya chungwa au ya njano ni salama kuliko nyeusi, na madukani zipo.

Kwa hiyo mama, jibu langu kwako ni kwamba mumeo ana haki juu ya nyumbani na mwanao ana haki juu ya machungani. Kwa machungani mnunulie ya LED yenye mwanga wa chini, wa kati na wa juu, betri ya kutolewa, na boksi linalosema lumeni mia chache badala ya maelfu. Unyenyekevu wa maandishi ni dalili nzuri. Tazama kama ina stika ya shirika la viwango la KEBS. Iwashe dukani dakika tano ukiishika. Ikipata joto kiasi kisha ikatulia, vema. Ikiunguza bila kupungua, irudishe. Na kama dukani zipo zinazokubali betri ndogo za kawaida pamoja na ya lithiamu, hiyo ndiyo bora kwa mtu wa safari.

Ya babu msiitupe. Kuna balbu ndogo za LED zenye kitako kile kile cha balbu ya zamani. Hakikisha tu volti yake inalingana na betri tatu. Ukiifunga, betri zilizokuwa zikiisha kwa siku chache za matumizi zitakwenda wiki kadhaa, na chuma kile kitaendelea kukaa karibu na mlango kwa anayetoka alfajiri. Zikichoka zitoeni humo, msingoje zivuje, wala msizitumbukize katika shimo la choo au karibu na kisima. Mkusanyeni za nyumba nzima katika mkebe uliofungwa, na anayesafiri kwenda Mombasa au Nairobi azichukue hadi kwa wanaopokea taka za elektroniki. Mkebe wa maziwa ya unga wa kilo moja unatosha.